Kuacha Nyama Bila Kudhoofika: Mwongozo wa Anayeanza

Maswali ni yale yale kila mara. "Nikiacha nyama, protini nitapata wapi?" "Damu haitapungua?" "Sasa nitakula nini, majani tu?" Nimeyajibu kwa mdomo hadi nikaona afadhali niyaandike yakae mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye afya anayenunua chakula chake sokoni na kwenye genge la mtaani kwao. Iwe umeacha kwa ajili ya dini, afya, huruma kwa wanyama au bei ya buchani, jikoni kazi ni ile ile.

Nianze na kosa linaloangusha wengi. Mtu anaondoa nyama kwenye sahani na haweki kitu mahali pake. Jana alikula ugali, nyama na mchicha, leo anakula ugali na mchicha. Wiki tatu baadaye amechoka, njaa haimwishi, anaapa kwamba chakula bila nyama hakifai. Kilichomchosha ni ile nafasi aliyoiacha wazi. Nyama ikitoka, maharage, choroko, dengu, mbaazi au mayai yaingie, siku hiyo hiyo, mlo huo huo. Ukishika hilo, mengine yote yanarekebishika.

Pita hospitali kwanza kama

Una mimba au unanyonyesha, una ugonjwa wa figo, unatumia insulini au metformin kwa ajili ya kisukari, au unatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa wa figo huenda amewekewa kiwango cha protini na potasiamu, na maharage yana vyote viwili. Metformin ikitumika muda mrefu hupunguza vitamini B12 mwilini, na nyama ikiondoka inapungua zaidi. Warfarin hugongana na mboga za majani zikiongezeka ghafla. Hakuna anayekukataza kuacha nyama hapo, ila daktari ajue ili dawa na vipimo viende pamoja na chakula. Mtoto wa chini ya miaka miwili usimbadilishie chakula kwa kufuata maandishi ya mtandaoni, haya yakiwemo. Mpeleke kliniki, uulize.

Vitu vya kuwa navyo

- Jamii ya kunde aina tatu au nne, kilo moja moja: maharage, choroko (Wakenya huita ndengu), dengu, mbaazi, kunde kavu au njugu mawe. Ukiwa Dar es Salaam, kwenye masoko ya Tandale na Kariakoo bei yake huwa nafuu kuliko dukani, na soko la Kisutu utapata dengu na viungo vya kila namna.
- Karanga, ufuta au korosho. Karanga nunua nzima, uchambue na kusaga mwenyewe.
- Unga wa dona badala ya sembe, au uchanganye na mtama, uwele au ulezi.
- Ndimu, machungwa, nyanya, pilipili hoho. Hizi utaziona tena kwenye hatua ya 6.
- Chumvi yenye madini joto. Umeacha samaki, kwa hiyo usiache na hii.
- Mayai na maziwa au mtindi, kama unavitumia.
- Kitunguu saumu, tangawizi, binzari, bizari nyembamba, ukwaju, nazi. Chakula kisicho na nyama kinataka viungo, usivifanyie ubahili.
- Sufuria kubwa yenye mfuniko. Ukiweza kupata sufuria ya presha, nunua, maana gharama kubwa ya maharage ni mkaa na gesi.

Onyo moja kuhusu karanga na mahindi: punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupe. Ukungu huo hutoa sumukuvu, na kukaanga au kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu zaidi ya 100 Ukambani, Kenya, na mwaka 2016 yakaua tena Dodoma na Manyara. Wewe sasa utakula karanga mara nyingi kuliko zamani, hivyo kuchambua si jambo la hiari.

Hatua 1. Chora mpaka wako

Amua mapema: unaacha nyama, kuku na samaki lakini unabaki na mayai na maziwa? Au unaacha kila kitokacho kwa mnyama? Kwa anayeanza, mimi humshauri abaki na mayai na maziwa kwa miezi ya mwanzo. Yanapatikana kila mahali, yanakupa B12, na safarini yai la kuchemsha linakuokoa. Ukishazoea unaweza kusogeza mpaka. Ila usiseme "nitaacha nyama lakini dagaa kidogo sawa" kisha kila siku ukajadiliana na nafsi yako upya. Andika mpaka wako kwenye karatasi, ubandike kwenye friji au ukutani.

Hatua 2. Orodhesha usichohitaji kujifunza

Kaa chini uandike vyakula visivyo na nyama unavyovipenda tangu utotoni. Utashangaa vilivyo vingi. Mbaazi za nazi na mahamri. Makande. Githeri. Mukimo. Wali na maharage. Ndizi kwa maharage kama wapikavyo Wahaya, au kiburu cha Wachagga. Kisamvu cha karanga, mchicha wa nazi, bamia, biringanya, nyanya chungu. Chapati na dengu. Kiazi karai, kachori, bhajia. Orodha hiyo ndiyo menyu yako ya mwezi wa kwanza. Usianze kusaka vyakula vya kigeni vya makopo, ni ghali na huvihitaji.

Ukitaka kuona jinsi watu wanavyoishi hivyo, watazame walio karibu nasi. Wahindu wengi wa asili ya Gujarat wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hawajawahi kuonja nyama maishani, na baadhi ya Wasabato waliiacha siku nyingi. Muombe jirani akuonyeshe anavyopika dengu. Saa moja jikoni kwake itakufundisha kuliko video kumi.

Hatua 3. Badilisha mlo mmoja mmoja

Wiki ya kwanza badilisha mlo wa mchana tu. Wiki ya pili ongeza wa usiku, siku za kazi. Wiki ya tatu maliza na mwishoni mwa wiki, maana ndiko kwenye nyama choma, pilau na wageni. Tumbo nalo linahitaji muda huo: mtu aliyezoea maharage mara moja kwa wiki, akiyala mara mbili kwa siku ghafla, atajaa gesi na kuilaumu safari nzima. Wengine hutumia Kwaresima kama mwanzo, na ni wakati mzuri kwa sababu hakuna anayekuuliza maswali.

Hatua 4. Jua kupika maharage hadi yakutamanishe

Hapa sitapita haraka. Mtu asiyejua kupika maharage vizuri harudi nyuma kwa kukosa imani, anarudi kwa sababu chakula chake hakina ladha.

Chambua, toa mawe na punje zilizotobolewa. Osha, kisha loweka usiku kucha kwa maji mengi, mara tatu ya maharage yenyewe. Asubuhi mwaga maji hayo, usiyapikie. Yamebeba sehemu ya sukari zinazoleta gesi. Suuza, weka maji mapya, bandika. Yakianza kuchemka, yaache yatokote kwa moto mkali dakika 10 hadi 30 kabla ya kupunguza moto. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, nayo hufa kwa mchemko wa nguvu. Kuyaivisha kwa moto mdogo tangu mwanzo hakuiui.

Usitie nyanya, ndimu wala ukwaju maharage yakiwa bado magumu. Uchachu huyafanya yagome kuiva. Magadi huyalainisha haraka, kweli, lakini huharibu vitamini B1, kwa hiyo yasiwe mazoea ya kila siku. Kujua kama yameiva, toa punje moja uibonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada: isagike yote, bila kiini kigumu katikati. Ganda likibanduka peke yake huku ndani kukiwa na unga mkavu, bado.

Sasa nazi. Ikune nazi moja, kamua kwa kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu upate tui zito, weka pembeni. Ongeza maji kwenye machicha yale yale, kamua tui jepesi. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo hadi kianze kubadilika rangi, tia kitunguu saumu na tangawizi, binzari, kisha nyanya. Nyanya ikivunjika na mafuta yakijitenga, mimina maharage na tui jepesi. Chukua upawa, ponda vijiko viwili vitatu vya maharage ubavuni mwa sufuria, urudishe, ndiyo siri ya mchuzi mzito. Yakichemka vizuri mimina tui zito, punguza moto, koroga taratibu bila kufunika hadi lianze kutokota. Ukiacha kukoroga tui linakatika. Chumvi tia sasa, na pilipili nzima ielee juu bila kupasuka.

Pika sufuria ya siku mbili tatu kwa mkupuo. Maharage yaliyochemshwa bila kuungwa hukaa friji siku tatu, na kwenye friza miezi. Usiku ukirudi umechoka ni kuunga tu, dakika kumi na tano.

Choroko hazihitaji kulowekwa, zinaiva chini ya saa moja. Mbaazi kavu na dengu nzima loweka kama maharage. Kisamvu twanga na uchemshe sana, sufuria ikiwa wazi. Kikiwa kibichi kina sumu ya sianidi, hivyo usikigeuze geuze kwenye kikaango kama mchicha.

Hatua 5. Hesabu protini mara moja, kisha sahau

Mtu mzima anahitaji kama gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, yaani mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 48 kwa siku. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15. Yai moja 6. Kikombe cha maziwa cha robo lita 8. Konzi ya karanga, gramu 30 hivi, 7. Ugali wa dona wa mlo mmoja huongeza kama 10. Vikombe viwili vya maharage kwa siku, konzi ya karanga, kikombe cha maziwa na ugali wako: umevuka.

Nafaka na jamii ya kunde hukamilishana, kila kimoja kina kilichopungua kwa mwenzake. Wali na maharage, makande, chapati na dengu, vyote vimeshalitatua hilo kabla yetu. Hata zikiliwa milo tofauti ndani ya siku moja inatosha.

Siku ya kawaida inaweza kwenda hivi: asubuhi uji wa ulezi uliotiwa karanga zilizosagwa, mchana wali, choroko za nazi, kachumbari na chungwa, jioni ugali wa dona, mayai ya nyanya na hoho, na matembele. Kesho yake mihogo ya kuchemsha na mtindi, makande, chapati na dengu.

Chipsi, mandazi na soda navyo havina nyama. Ukiishi kwa hivyo utanenepa na kuchoka kwa pamoja. Chipsi mayai kila usiku si mlo wa kujengea mwili.

Hatua 6. Chai iondoke mezani

Hofu ya kupungukiwa damu ina msingi, hasa kwa wanawake wanaopata hedhi. Madini chuma ya mimea mwili huyanyonya kwa shida kuliko ya nyama. Vitamini C huyafungulia njia, chai na kahawa huyafungia. Kwa hiyo kamulia ndimu kwenye maharage na mboga zako, kula kachumbari pamoja na chakula wala si baadaye, na malizia kwa chungwa, pera au embe. Chai ya rangi na ya maziwa isogeze: kunywa saa moja kabla ya chakula au saa moja baadaye. Najua hili ni gumu kuliko hata kuacha nyama. Anza na mlo wa mchana.

Mboga za majani usizichemshe zikabadilika rangi kisha ukamwaga maji. Mchicha na matembele yanataka dakika chache tu. Na kama una tabia ya kula udongo, acha. Udongo hushika madini chuma tumboni yasiingie mwilini.

Hatua 7. B12, usibahatishe

Hiki ndicho kirutubisho kimoja ambacho mimea haikupi. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Robo lita ya maziwa hutoa kama 1, yai kama nusu. Anayekunywa vikombe viwili vya maziwa au mtindi na kula yai kila siku yuko salama. Aliyeacha mayai na maziwa lazima atumie vidonge vya B12 au chakula kilichoongezwa B12, tena daima. Mlonge ni mboga nzuri sana lakini hauna B12, vivyo hivyo uyoga na mwani usitegemewe, hata muuzaji akiapa.

Hatari yake ni kwamba ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo mtu hujiona mzima muda mrefu. Kisha folate, vitamini iliyomo kwenye mboga za majani, huweza kuficha dalili za upungufu huo kwenye kipimo cha damu wakati mishipa ya fahamu inaumia. Ganzi au kuchomachoma miguuni na mikononi, kusahau, kuyumba unapotembea: nenda hospitali, taja kwamba huli nyama.

Hatua 8. Kula nje

Kwa mama ntilie usiseme "sili nyama" ukaishia hapo, utaletewa kuku au samaki kwa nia njema kabisa. Sema yote: "Mama, sili nyama, kuku, samaki wala dagaa. Maharage haya yameungwa na nini?" Uliza pia kama mchicha umetiwa dagaa, na kama mchuzi umekolezwa kwa supu. Na ukitaka majani sema mboga za majani, maana mboga peke yake ni kitoweo chochote.

Sambusa uliza ni za viazi au za nyama. Katlesi kwa kawaida zina nyama ndani, kachori hazina. Urojo wa Zanzibar agiza bila mishkaki, uzidishiwe bhajia. Mafuta ya chipsi mara nyingi ndiyo yaliyokaangia kuku. Amua kama hilo liko ndani ya mpaka wako au nje. Jeli na pipi laini nyingi huwa na gelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, kwa hiyo soma pakiti.

Hatua 9. Nyumbani, harusini na ukweni

Usitangaze sheria mpya kwa nyumba nzima. Pika maharage yako matamu, weka katikati ya meza, kila mtu achukue. Anayepika mwambie mapema na umsaidie, kwa kuwa kumwachia mke, dada au msaidizi wa kazi mapishi mawili kila siku si haki.

Ukweni ni kugumu zaidi, kwa sababu mgeni huchinjiwa. Mtume wifi au shemeji aseme siku mbili kabla: "Anawasalimu sana, anaomba msichinje kwa ajili yake, yeye maharage yenu ndiyo anayoyataka." Ukikuta jogoo ameshachinjwa, shukuru kwa moyo, kula wali na mboga za majani, sahani ya nyama isogeze kwa mzee aliye karibu nawe. Hapo si mahali pa kueleza mateso ya kuku. Harusini kula nyumbani kabla, kisha utapata wali mweupe, ndizi, kachumbari na matunda.

Ukikwama

*Tumbo linajaa gesi.* Punguza kipimo nusu kwa wiki moja, badili maharage kwa choroko, hakikisha umemwaga maji ya kulowekea, kunywa maji zaidi.

*Maharage hayaivi hata baada ya saa tatu.* Ni ya zamani. Nunua ya msimu mpya kwa muuzaji mwingine. Hayo uliyonayo yaloweke saa 24, ukibadili maji mara mbili, kisha tumia presha.

*Njaa inauma saa kumi jioni.* Mchana umekula wanga mtupu. Ongeza kikombe cha maharage, na utembee na karanga au yai la kuchemsha.

*Natamani nyama.* Mara nyingi ulimi unatafuta ukolezo. Kaanga uyoga kwa moto mkali hadi ukauke kingo, tia kitunguu saumu na pilipili manga. Au choma biringanya zima juu ya mkaa hadi ganda liungue, menya, ponda na ufuta, ndimu na chumvi. Ukiteleza ukala mishkaki, endelea na mpango wako mlo unaofuata.

*Uzito unapungua na sitaki.* Ongeza nazi, karanga, parachichi, korosho. Uji tia siagi ya karanga vijiko viwili.

*Nachoka, kichwa kinazunguka, nahema nikipanda ngazi.* Kapime wingi wa damu. Usijinunulie vidonge vya madini chuma kabla ya kipimo, kwa sababu damu hupungua pia kwa malaria, minyoo, vidonda vya tumbo na hedhi nyingi, na kila kimoja kina tiba yake. Nenda na orodha ya ulivyokula wiki nzima, mwonyeshe daktari.